Gunia la mazoezi: tazama mjazo kabla ya ngozi

Anayenunua gunia la kupigia ngumi hutazama ngozi, mshono na jina lililochapwa ubavuni. Vyote hivyo vina nafasi yake, lakini ngumi inakutana na kilichojazwa ndani, na hicho ndicho kinachoamua kama mwanafunzi atajenga mkono au atauumiza. Magunia mawili yenye ganda moja, urefu mmoja na uzito uleule yanaweza kutofautiana kabisa yakishaanza kupigwa: moja linabonyea na kutulia, jingine ni gumu chini na tepetepe juu. Kwa hiyo tathmini hii inaanzia ndani kwenda nje. Inahusu gunia la kuning'inia lililojazwa vitambaa, lile la mchanga, lile la kusimama sakafuni na lile la maji, pamoja na namna kila moja linavyomfundisha mwanafunzi, kwa wema au kwa ubaya.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Kunja ngumi, kisha gonga gunia kwa upande wa nyama ulio chini ya kidole cha mwisho, kuanzia juu hadi chini, ukishuka kila mara kwa upana wa kiganja. Gunia zuri linatoa sauti moja nzito toka mwanzo hadi mwisho, na mkono unazama sentimita mbili au tatu kila unapogonga. Gunia baya linaanza na "dufu, dufu", likifika theluthi ya mwisho linajibu "ko". Hapo penye "ko" ndipo zitakapotua ngumi za tumbo na mateke ya paja. Baada ya hapo zungusha gunia robo mzunguko, urudie. Mara nyingi upande mmoja hubonyea na mwingine haubonyei, kwa sababu aliyejaza alishindilia kutoka upande aliosimama. Jambo hilo halionekani kwa macho hata kidogo.

Mchanga

Gunia la mchanga lina sifa ya zamani kwamba linakomaza mkono. Hesabu ndogo inaonyesha tatizo lake. Chukua gunia la kawaida la ndondi, urefu sentimita 120 na kipenyo sentimita 35. Ujazo wake ni kama lita 115. Lita moja ya mchanga mkavu ina kilo 1.5 hadi 1.6, kwa hiyo gunia hilo likijazwa mchanga mpaka mdomoni lingekaribia kilo 180. Hakuna anayeweza kulitundika salama kwenye chumba cha kawaida, wala hakuna mwanafunzi anayeweza kulisogeza kwa ngumi. Ndiyo maana anayetumia mchanga hutia kiasi, tuseme kilo 25, kisha anajazia nafasi iliyobaki kwa vitambaa au sponji.

Mchanga haukai ulipowekwa. Kila pigo linautikisa, chembe zinapenya katikati ya vitambaa na kushuka, na mwisho wake kilo zote 25 zimekusanyika kwenye kitako. Katika gunia la kipenyo hicho, zinafanya tabaka la kimo cha sentimita 16 hivi, lililobanana bila upenyo wa hewa. Juu ya tabaka hilo vitambaa navyo vimeshuka, na sehemu ya juu, ambako ngumi za kichwa zinafanyiwa mazoezi, imekuwa tupu. Mwanafunzi anapiga juu anapata ulaini, anashusha ngumi ya tumbo anakuta ukuta. Mkono haukujiandaa kwa tofauti hiyo: kifundo cha mkono kinapinda, na ngumi inatua upande wa kidole cha mwisho badala ya vifundo viwili vya kwanza. Mfupa wa kiganja unaobeba kidole hicho ndio unaovunjika mara nyingi kwa wapigaji, tena karibu kabisa na kifundo chake, kwa sababu ni mwembamba na hauna mhimili ulionyooka nyuma yake kama ule wa kidole cha shahada na cha kati.

Kwa hiyo hukumu yetu juu ya gunia lililomwagiwa mchanga moja kwa moja ni fupi: lisinunuliwe, na kama lipo chumbani, lifunguliwe na kujazwa upya. Mchanga una kazi yake ndani ya gunia, lakini ukiwa umefungwa kwenye vifuko. Hilo linakuja hapa chini.

Unga wa mbao nao utazamwe kwa makini. Ukiwa mkavu ni mwepesi na unabonyea vizuri, lakini unanyonya unyevu wa hewa na jasho, unashikana mabonge, na mabonge hayo yanakuwa magumu bila mpangilio. Nafaka na pumba huleta panya na wadudu. Chembe za mpira wa matairi ni nzuri zaidi ya vyote viwili, hazinyonyi maji na zinarudi zikibonyezwa, ila ni nzito kuliko vitambaa na nazo hushuka zikiachwa huru. Zikichanganywa na vitambaa kwa tabaka zinatulia zaidi.

Vitambaa, na namna ya kuvishindilia

Vitambaa vilivyokatwakatwa ndio mjazo unaofaa wengi. Gunia lile la lita 115 likishindiliwa kwa mkono linapata kilo 35 hadi 45, kutegemea aina ya vitambaa na bidii ya mshindiliaji, na uzito huo unamfaa mtu mzima wa wastani. Kanuni inayotumiwa na makocha wengi ni nusu ya uzito wa mpigaji: mwenye kilo 70 aanze na gunia la kilo 35 hivi. Kwa chumba kinachotumiwa na watu wengi, chagua kwa kumtazama mzito kuliko wote, kwa sababu gunia jepesi kwake litapaa kila pigo na atatumia nusu ya raundi kulisubiri lirudi. Watoto wawe na lao. Gunia la kilo 40 halisogei mbele ya mtoto wa kilo 30, na nguvu yote aliyoipeleka inarudi kwenye viungo vyake ambavyo bado vinakua.

Pendekezo letu la msingi ni kununua ganda tupu lililo bora, kisha kulijaza mwenyewe. Ganda tupu husafirishwa kwa urahisi, na unajua kilichomo. Magunia yanayouzwa yakiwa yamejaa hutofautiana mno. Baadhi yameshindiliwa kwa mashine na yako sawasawa, mengine yamejazwa mabaki ya kiwandani yenye zipu, vifungo na vipande vya mpira mgumu ndani yake.

Kujaza vizuri kunachukua muda wa nusu siku, na kila hatua ina sababu. Kusanya nguo zilizochakaa, mashuka na mataulo, kavu kabisa. Kitambaa chenye unyevu kikifungiwa ndani huota ukungu, na harufu yake haitoki tena. Toa kila zipu, kifungo, ndoano na mkanda. Kata vipande visivyozidi ukubwa wa viganja viwili, kwa sababu shati zima linajikunja likafanya fundo ndani. Kabla ya kuanza kujaza, zungushia ndani ya ganda bamba la sponji la unene wa sentimita mbili au tatu. Bamba hili ndilo linalopokea ngumi kwanza, na ndilo linalofanya gunia la nyumbani lipigike kama la kiwandani. Wengi wanaliruka, kisha wanashangaa kwa nini vifundo vya vidole vinachubuka.

Mimina vitambaa kimo cha sentimita 15, shindilia kwa gogo lenye kitako bapa, ukizunguka kingo kwanza kisha katikati. Kingo zikiachwa, gunia linapata mashimo pembeni na uti mgumu katikati. Endelea hivyo tabaka kwa tabaka. Ukihitaji uzito zaidi, weka mchanga kwenye vifuko vidogo vya kilo mbili au tatu, kila kifuko kimefungwa mara mbili kwa plastiki nene na kuzungushiwa utepe wa gundi, kisha kimeviringishwa kwenye taulo. Kila kifuko kikae kwenye mhimili wa katikati ya gunia, mbali na ganda, na vipangwe vikiachana kwa kimo cha tabaka moja la vitambaa, kuanzia sentimita 30 juu ya kitako mpaka karibu na kati. Sehemu ya juu ibaki ya vitambaa pekee. Kilo 8 hadi 10 za mchanga kwa mpango huo zinatosha. Zaidi ya hapo gunia linaanza kuwa zito bila kuwa zuri.

Jaza mpaka mdomo, funga, tundika, lipigwe. Baada ya wiki mbili tatu vitambaa vitakuwa vimeshuka na kuacha nafasi tupu juu. Fungua, shindilia tena, ongeza. Rudia mara moja zaidi. Gunia lisiloongezwa vitambaa baada ya kutulia ndilo linaloitwa bovu na kutupwa, ilhali lilihitaji mfuko mmoja tu wa nguo kuukuu.

Ganda na mishono

Ngozi halisi hudumu kuliko vyote ikitunzwa: ifutwe jasho kila siku, ipakwe mafuta ya ngozi mara kwa mara, isikae juani. Ikikauka inapasuka kwenye mikunjo karibu na mdomo wa gunia, na ufa huo hauna tiba. Turubai nene la pamba ni imara, halitelezi, na glavu hulishika vizuri, lakini linanyonya jasho na uso wake unasugua. Mpigaji mwenye bandeji tupu atatoka damu mapema. Ngozi bandia inafutika kwa urahisi na kwa wengi inatosha kabisa. Udhaifu wake ni kwamba baadhi yake huanza kubanduka gamba la juu kwenye joto na unyevu, hata gunia likiwa halipigwi sana. Plastiki nyembamba inayong'aa ipitwe. Inanyooka, inakunjamana, halafu inachanika palipo na kovu la kwanza.

Kuliko aina ya ganda, tazama mikanda. Mkanda ulioshonwa kwenye ukingo wa juu tu unabeba gunia lote kwa sentimita chache za uzi. Mkanda unaoteremka ubavuni mpaka kupita chini ya kitako na kupanda upande wa pili unalibeba gunia lenyewe, na mshono unabaki na kazi ya kuushikilia usihame. Tofauti hii inaonekana kwa jicho la kawaida na inastahili kulipiwa. Pete za chuma ziwe zimechomelewa zisiwe na mwanya, kwa sababu pete iliyokunjwa tu hufunguka polepole kwa uzito. Mikanda minne inatosha kwa gunia la ndondi. Refu la mateke liwe na sita au zaidi. Mdomo wa zipu ni rahisi kufungua, lakini zipu ndiyo sehemu ya kwanza kufa. Mdomo wa kamba unachosha kufunga na hauharibiki.

La kusimama na la maji

Gunia la kusimama linauzwa kwa ahadi kwamba halihitaji dari. Ahadi hiyo ni ya kweli, na kwa anayeishi kwenye nyumba isiyoruhusu kutoboa, ni chaguo halali. Lakini ajue anachokosa. Kitako cha plastiki kinajazwa maji au mchanga. Maji ya lita 100 ni kilo 100. Mchanga kwenye nafasi hiyohiyo unazidi kilo 150, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama gunia litatambaa sakafuni. Kwenye sakafu laini, gunia lenye maji ndani linasogea kila raundi na mpigaji analifuata mpaka ukutani. Mchanga hapa ni mjazo sahihi, kwa kuwa haupigwi. Shingo inayounganisha kitako na nguzo ndiyo inayopasuka. Lichunguze shingoni kila mwezi, hasa kama linapigwa mateke.

Kwa upande wa mafunzo, kasoro yake kubwa iko miguuni. Kitako kipana kinamzuia mwanafunzi kuingia karibu na kutoka kwa pembe, kwa hiyo anazoea kusimama umbali mmoja na kuinama mbele ili afikie. Nguzo nayo inarudi moja kwa moja ilikotoka, kila mara kwa mwendo uleule, wala haimlazimishi kusoma chochote. Teke la chini likikosea kidogo linakuta kitako kigumu kwa ugoko au vidole vya mguu. Kwa watoto wanaojifunza mateke ya juu na kwa mazoezi ya kujiweka sawa mwilini, linafaa. Kwa anayejiandaa kupanda ulingoni, libaki kuwa la akiba.

Gunia la maji, lenye umbo la tone au mpira, ndilo linaloshangaza wanaolijaribu mara ya kwanza. Maji hayabanani, lakini yanahama: ngumi inazama, maji yanapisha, ganda linatanuka upande wa pili. Viungo vinapata afueni ambayo gunia jingine lolote haliitoi, na ndiyo sababu linawafaa wenye umri mkubwa na wanaorudi mazoezini baada ya jeraha la mkono au bega, pale daktari akisharuhusu. Mpira wa kipenyo cha sentimita 45 unachukua kama lita 48, yaani kilo 48, kwa hiyo usidanganyike na umbo lake dogo. Unahitaji mtundiko uleule wa gunia kubwa. Umbo la mviringo linaruhusu apakati (ngumi inayopanda kutoka chini) na ngumi za pembeni zitue kwa pembe yake halisi, jambo ambalo gunia la silinda haliwezi. Upande wa pili, halifai mateke, halivumilii pete wala kucha ndefu, na likitoboka linamwaga yote kwa dakika chache. Wakati wa kulijaza, toa hewa yote kwa kubonyeza ganda kabla ya kufunga kizibo. Hewa ikibaki, maji yanachapa ndani na gunia linayumba ovyo.

Mpangilio wetu wa ununuzi kwa chumba cha mazoezi ya ngumi uko wazi: la kwanza liwe la vitambaa, la pili liwe la maji, na la kusimama lije tu pale ambapo hakuna pa kutundika. Kwa wanaofundisha mateke, gunia la kwanza liwe refu, sentimita 180, likining'inia sentimita 10 hadi 20 kutoka sakafuni, ili teke la paja na la mbavu yote yapate mahali pa kutua. Kuhusu makiwara, ubao wa kupigia ngumi wa karate ya Okinawa, neno moja: ubao wa makiwara unapaswa kupinda unapopigwa, ukiwa mnene chini na mwembamba juu. Mto uliopigiliwa kwenye ukuta wa zege haupindi, na hauwezi kufanya kazi hiyo hata ukiitwa kwa jina hilo.

Kutundika

Hapa ndipo ajali kubwa zinapotokea. Gunia la kilo 45 likitulia linavuta kilo 45. Likibembea hadi pembe ya nyuzi 60 kutoka wima na kurudi, likipita katikati linavuta mara mbili, yaani kilo 90. Apakati nzito inayolinyanyua na kuliacha lianguke kwenye mnyororo inaongeza mshtuko mwingine juu ya huo. Ndoano, mnyororo na kizungushio vyote viwe vimekadiriwa kubeba angalau mara nne au tano ya uzito wa gunia.

Dari la jasi halibebi gunia, wala mbao nyembamba zinazoshikilia dari. Tafuta boriti yenyewe. Kwenye mbao, bolti ipite kutokea upande wa pili na kufungwa kwa nati na washa pana. Skrubu yenye jicho iliyozungushwa tu kutoka chini hulegea kadiri gunia linavyotikisa. Kwenye zege, tumia nanga za chuma zinazotanuka ndani ya tundu, angalau nne kwenye bamba moja, na tundu lipulizwe vumbi kabla ya kuingiza nanga. Vumbi likibaki, nanga inashika vumbi. Kizungushio kiwekwe juu ya mnyororo ili gunia lizunguke bila kuusokota. Springi kati ya ndoano na mnyororo inapunguza mtikisiko na kelele kwenye jengo, lakini pitisha mnyororo mfupi wa akiba kandokando yake, kwa kuwa springi ikikatika hakuna kingine kinachoshikilia.

Kwa ndondi, katikati ya gunia ilingane na kifua cha mpigaji. Gunia la sentimita 120 kwa mtu wa sentimita 170 likae sentimita 70 hivi kutoka sakafuni, na juu lifike sentimita 190, ili kichwa cha mpinzani kiwe na mahali. Nafasi kati ya magunia isipungue mita mbili, na iwepo mita moja na nusu kila upande kabla ya ukuta. Mwanafunzi asiyeweza kulizunguka gunia hajifunzi miguu.

Linavyofundisha

Gunia zuri linamkosoa mpigaji bila kusema. Ngumi iliyopigwa kwa kurudishwa haraka inalifanya gunia litikisike papo hapo na kutoa mlio mkavu. Ngumi iliyosukumwa inalipeleka mbali kwenye tao refu. Mwalimu anaweza kusimama mgongo wake ukielekea gunia na akajua kwa sikio nani anapiga na nani anasukuma. Dawa ya kusukuma ni kuanza na jebu, ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, pekee kwa raundi nzima, mkazo ukiwa kwenye kurudisha mkono shavuni, kabla ya kuruhusu ngumi ya nyuma.

Kosa la pili ni kusimama karibu mno na kuegemea. Gunia halirudishi ngumi, hivyo mwanafunzi anashusha mikono na kupumzikia hapo. Makocha wengine humpa mwenzake kazi ya kulikumbatia gunia kwa nyuma lisiende. Kwa anayejifunza umbo la ngumi kwa siku za mwanzo, sawa. Jambo hilo likiwa desturi, gunia linageuka ukuta, na somo kubwa la gunia linaloning'inia, yaani kupima umbali wa kitu kinachosogea, linapotea. Afadhali gunia libembee na mwanafunzi afundishwe kuhama nalo: linapoondoka, hatua moja kwa pembe, linapopita katikati, piga, linapokujia, toka au lizuie kwa kiganja. Kulipiga kwa nguvu zote wakati linakuja kunajumlisha mwendo wake na wa ngumi, na kifundo cha mkono ndicho kinacholipa tofauti hiyo. Wanaoanza wasiruhusiwe.

Muda wa raundi ya dakika tatu na pumziko la dakika moja umo kwenye kanuni za ndondi za Queensberry tangu 1867, na bado unafaa kwenye gunia. Kwa mgeni, raundi tatu za dakika mbili zinatosha. Akichoka, kifundo kinalegea kabla ya bega, na ngumi ya uchovu ndiyo inayoumiza. Ukiona mkono wa mwanafunzi unapinda kwa ndani wakati wa kutua, msimamishe hata kama raundi haijaisha.

Bandeji iwe ya mita 4.5 kwa mtu mzima, izungushwe mara tatu nne kwenye kifundo cha mkono kabla ya kwenda kwenye vidole. Nyingi ya bandeji zinazofungwa vibaya zimemalizwa zote kwenye vifundo vya vidole, na kifundo cha mkono kimebaki na mzunguko mmoja. Glavu za gunia ziwe za aunsi 12 hadi 16, yaani kama gramu 340 hadi 450 kila moja. Ziwe tofauti na za kupigana na mwenzako. Gunia hubonda sponji ya glavu, na glavu iliyobondeka ikivaliwa kwenye sparingi inampiga mwenzako kwa mifupa mitupu.

Ukaguzi wa kila wiki ni wa dakika tano: pitisha kidole kwenye kila mshono wa mkanda, zungusha kizungushio usikie kama kinakwaruza, tazama pete kama zimeanza kulika pale zinapokutana na mnyororo, kaza nati ya juu. Pete iliyolika robo ya unene wake ibadilishwe siku hiyohiyo, na gunia lishushwe sakafuni mpaka mpya ifungwe.